Bei ya Kutazama

Barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ina kilomita 480 hivi, na karibu yote ni ya kupanda. Kupanda kwenyewe hakuonekani kwa macho. Ukishapita Mariakani nyika hujitandaza, lami hunyooka, na dereva hudhani yuko tambarare mpaka alinganishe mshale wa joto wa alfajiri alipotoka Changamwe na ule wa adhuhuri anapoikaribia Salama. Ukifika Mlolongo umeshapanda mita 1,500 na zaidi. Gari jipya halijali. Gari lililozeeka, tena la dizeli, hujali sana, na huanza kusema mambo ambayo pwani lilikuwa likiyanyamazia.

Letu ni Toyota TownAce yenye injini ya 2C, dizeli ya lita 2, iliyoingia nchini ikiwa mtumba kutoka Japani enzi za nambari za usajili zinazoanza na KA. Familia yetu hupika kwenye harusi na hitima, na gari hilo ndilo libebalo masufuria, maturubai na mabusati. Injini yake imefichwa chini ya viti vya mbele, kwa hivyo dereva anaikalia. Mombasa lilikuwa likipunguza maji kidogo kidogo: kikombe leo, kikombe juma lijalo, na chini ya gari pakavu. Kila fundi aliyeulizwa aliinama, akaona pakavu, akasema ongeza maji. Kisha shangazi wa Buruburu akaozesha binti, vyombo vikahitajika Nairobi, na ikabidi swali liulizwe kwa dhati: maji haya yanakwenda wapi?

Jibu lilianza kujitokeza Outer Ring Road. Nilikuwa nimeiacha Mombasa Road pale Cabanas, nikafuata Airport North Road hadi kituo ambacho makanga bado wanakiita Taj Mall ingawa jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2018. Kutoka hapo hadi Donholm msongamano ulikuwa umeganda. Mshale wa joto ukapanda, ukavuka katikati, na mvuke ukaanza kutoka chini ya kiti changu. Makanga wa matatu iliyokuwa ubavuni akapiga bodi ya gari lake kwa kiganja.

"Madam! Gari yako inachemka! Zima!"

Nikavuta pembeni, nikazima. Vijana wawili walikuwa wameshafika na madumu ya maji, mmoja ameshika kitambaa cha kufungulia kifuniko. Niliwashukuru, nikawaomba tungoje. Maji yaliyofungiwa kwenye rejeta yenye moto hurushwa usoni mara kifuniko kinapolegea, na watu wameungua hivyo. Tena injini ya 2C ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, madini mawili yasiyotanuka kwa kadiri moja. Ukiyamwagia maji baridi yakiwa na moto, hedi huweza kupasuka. Kipimo cha kungoja ni rahisi: ushike mpira wa juu wa rejeta. Kama mkono hauvumilii, bado.

Katika kungoja huko nilipata nafasi ya kuwaza kwa nini gari lililostahimili Mombasa lilishindwa hapa. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye digrii 100. Nairobi iko juu kwa mita 1,700 hivi, hewa yake ni nyepesi, na maji ya kwenye sufuria huchemka karibu digrii 94; mpishi yeyote wa pwani aliyepika maharagwe Nairobi anajua yanavyochelewa kuiva. Sasa thamostati ya injini nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi, na kwenye msongamano joto hukaa tisini na kitu. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta. Kina springi inayozuia presha hadi baa 0.9, nambari ambayo kwa kawaida huandikwa juu yake, na presha hiyo husukuma kiwango cha kuchemka hadi kupita digrii 110. Hapo injini hupumua. Lakini presha isiposhika, Nairobi hukurudisha kwenye digrii zako 94. Tundu la sindano halimwagi maji mengi, linamwaga presha. Ndiyo maana uvujaji ule ule ambao Mombasa ulikuwa usumbufu mdogo, Donholm uligeuka mvuke.

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba za vigae vyekundu zilizopangwa kwenye viwanja vidogo vyenye geti, watu wakiegesha magari yao katikati. Mpango huo una matokeo yake: gari likiingia na mvuke, kiwanja kizima kinajua. Kabla sijamaliza kumwamkia shangazi, wanaume watatu walikuwa wameinua kiti cha TownAce. Mmoja alisema ni wota pampu. Wa pili alisema ni rejeta. Wa tatu, ambaye alikuja na kikombe chake cha chai, alisema nitoe thamostati nitupe, kwani Nairobi hakuna baridi ya kuihitaji. Ushauri huo wa mwisho umeenea Afrika Mashariki nzima, nao ni mbaya: injini ya dizeli isiyofikia joto lake hula mafuta, hutoa moshi, na huchakaa upesi.

Gereji moja kando ya Rabai Road ilitoa hukumu kwa dakika chache. Mwenyewe alivumisha injini, akachungulia chini, akajifuta mikono.

"Maji haionekani chini, sivyo? Basi inachomekea ndani. Hiyo ni hedi gasketi."

Kisha akaorodhesha: kufungua hedi, kuipeleka kwenye mashine isawazishwe, seti ya gasketi, bolti mpya, na wota pampu pia "tukiwa hapo hapo". Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Dizeli ya aina hii hubana hewa zaidi ya mara 20, mara mbili ya injini ya petroli au zaidi, kwa hivyo gasketi ya hedi hubeba mzigo mkubwa. Na 2C inajulikana kwa hedi kupasuka ikishapata joto kupita kiasi. Lakini alichoniuzia ilikuwa dhana, na dhana ilikuwa na bei ya ng'ombe.

Shangazi, nesi mstaafu asiyependa mtu kufunguliwa bila kupimwa, alikataa kwa niaba yangu. "Jirani wa nyumba ya tatu walimfungulia injini hivyo hivyo, mwanangu. Vyuma vilikaa kwenye karai mpaka paka wakazaliwa ndani. Na gari liliporudi, likawa bado linakunywa maji."

Fundi niliyeelekezwa hatimaye anafanyia kazi Mutindwa, pale Buruburu inapopakana na Umoja, ukanda wa soko, mitumba, vinyozi na magari yaliyopandishwa juu ya mawe. Ni mtu mzima, aliyekaa miaka mingi kwenye karakana ya kampuni huko Industrial Area kabla ya kujitegemea. Nilipomweleza, hakushika spana. Aliniuliza kama asubuhi nakuta mpira wa juu umebonyea. Akauliza chupa ya akiba inajaa au inakauka. Akauliza kama zulia la abiria hulowa. Halafu akataja bei.

"Madam, kuangalia ni thao moja. Nikipata, nisipopata. Kutengeneza tutaongea baadaye."

Nilimtazama. Sijawahi kulipia kutazamwa kwa gari, na nadhani wasomaji wengi hawajawahi. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Fundi wetu hulipwa kwa kitu alichofunga. Mteja akikuta kifaa kipya kinang'aa, na kile cha zamani kimewekwa kwenye gazeti kando, anatoa pesa bila kinyongo. Akiambiwa fundi alilala chini ya gari nusu siku akitafuta, na kilichobadilishwa ni klipu, anaona ameibiwa. Kwa hivyo fundi mwenye njaa, na wengi wana njaa, hufupisha kutafuta ili afike upesi kwenye kufungua. Mitaa ya Eastlands imejaa magari yenye rejeta mpya, pampu mpya, gasketi mpya, na uvujaji wa zamani. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Mteja wa leo humwambia fungua.

Nikakubali. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba gari lilale pale. "Gari moto inadanganya. Tuicheki ikiwa baridi."

Asubuhi alianza kwa tochi peke yake. Maji yanayovuja na kukauka huacha alama: kulanti huacha ukoko wa kijani au waridi, na hata maji matupu ya kisima huacha mstari mweupe wa chokaa. Alifuata kila mpira hadi kwenye klipu yake. Alitazama mishono ya rejeta, nyumba ya thamostati, vizibo vya duara vilivyopigwa ubavuni mwa bloku, ambavyo hutobolewa na kutu pale mtu anapotumia maji matupu miaka nenda miaka rudi. Aliingiza kidole chini ya wota pampu, kwenye kitundu kidogo kilichoachwa makusudi na watengenezaji: sili ya pampu ikifa, maji hutokea hapo kwanza. Palikuwa pakavu. Akainua zulia la abiria, akanusa. Hita ya mbele ikivuja, pananuka utamu utamu na kioo hujaa ukungu wa mafuta. Hapakunuka.

Kisha akaishughulikia ile hukumu ya Rabai Road, maana ndiyo iliyokuwa ghali. Injini ikiwa baridi alifungua kifuniko, akajaza maji hadi mdomoni, akaniambia niwashe. Tukainamia pamoja. Mapovu machache yalipanda yakakoma. Hiyo ni hewa iliyokwama, akasema. Gesi ya silinda ikipenya kwenye gasketi, mapovu hayakomi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Akafunga, akashika mpira wa juu dakika ile ile. Ulikuwa laini. Kama ungekuwa mgumu kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, ingemaanisha presha inatoka ndani ya silinda. Akavuta kijiti cha oili: nyeusi, ya kawaida ya dizeli, si rangi ya chai ya maziwa. Injini ilipopata moto akatazama moshi wa nyuma, akasubiri aone kama ni mweupe na unaendelea. Haukuwa. Gereji kubwa zina dawa ya buluu ambayo hugeuka manjano ikikutana na gesi ya injini ndani ya rejeta. Kwake, ishara hizo nne zikikubaliana zilitosha kuiacha hedi mahali pake.

Ndipo akatoa pampu ya mkono yenye geji, ile inayokaa mahali pa kifuniko na kusukuma hewa ndani ya mfumo injini ikiwa imezimwa na imepoa. Faida yake ni kwamba unapata presha ya safari bila moto wa safari: maji yanayovuja hayakauki, wala huungui ukiyatafuta. Akasukuma hadi 0.9, akaacha. "Usipitishe namba ya kifuniko. Ukizidisha, utapasua rejeta halafu useme umepata shida." Mshale wa geji ukasimama, kisha ukaanza kuteremka polepole. Kuna mahali palikuwa panavuja. Chini ya injini bado palikuwa pakavu.

Alichofanya baadaye hakikuhitaji kifaa chochote. Aliagiza maboksi makubwa kutoka dukani kwa jirani, akayakunjua, akayatandaza chini ya gari kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Akasukuma tena pampu. Akaagiza chai. Tulipomaliza kunywa, boksi lililokuwa chini ya kiti cha abiria wa nyuma lilikuwa na doa la maji upana wa sarafu.

TownAce nyingi zilizotengenezewa soko la Japani zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Maji ya moto hutoka injini, hupita kwenye mabomba mawili ya chuma chini ya sakafu, huzunguka nyuma na kurudi. Majira ya baridi kule yana theluji, na hita hiyo ni neema. Gari likishafika kwetu hakuna anayeikumbuka, lakini maji yanaendelea kuzunguka humo kila siku. Mabomba hayo yamekaa Mombasa, yakinyunyiziwa chumvi kila tulipovuka feri ya Likoni. Kutu imeyala kutoka nje hadi kitundu kikapatikana, kidogo mno kiasi cha kuvuja presha ikipanda tu. Gari likiwa limesimama limepoa, hapavuji. Likiwa linakwenda, maji yanatawanywa na upepo. Baridi ya Japani ililiweka bomba pale, chumvi ya Mombasa ikalitoboa, urefu wa Nairobi ukalifichua.

"Huko Mombasa hita ya nyuma mnaiwashia nani?" akauliza fundi. Kijana wake wa spana alicheka hadi akaketi.

Hakuishia hapo. Mtu akipata tundu moja hushawishika kukunja vifaa, yeye akakipima na kifuniko. Kiliachia presha kabla hata ya kufika nusu ya nambari iliyoandikwa juu yake. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kifuniko kina vali mbili: kubwa ya kuachia presha ikizidi, na ndogo katikati ya kuvuta maji kurudi kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Ya pili ikifa, chupa hujaa huku rejeta ikipungua, na mpira wa juu hukutwa umebonyea asubuhi. Ndiyo maana ya maswali yake ya siku ya kwanza. Mwisho akawasha injini, akapitisha kiganja juu ya uso wa rejeta. Sehemu moja ilibaki ya baridi. Mifereji ya hapo ilikuwa imeziba.

Basi kazi zikawa tatu, na zikanizungusha mitaani. Kifuniko na mipira nilivifuata Kirinyaga Road, iliyoitwa Grogan Road zama za ukoloni. Wenye magari bado huita eneo lote Grogan. Nilipanda matatu ya 58, zile za Buruburu zilizochorwa toka bampa hadi dari. Safari hiyo ni somo la historia kwa shilingi chache. Unaingia Jogoo Road, zamani Doonholm Road, na mitaa inafuatana: Jericho, Maringo, Makadara, kisha Kaloleni, nyumba za mawe za miaka ya 1940 zilizojengewa Waafrika wafanyakazi wa jiji, zenye jina la mji wetu ulio Kilifi. Unapita uwanja wa City Stadium, ambao sasa una jina la Joe Kadenge, unaingia Landhies Road, Muthurwa na soko lake, na mbele yako ni mji.

Grogan kila mlango una vipuri na kila kipuri kina ndugu yake wa bandia. Niliagizwa mambo mawili. Kwanza, nambari ya kifuniko iwe ile ile, 0.9, cha presha kubwa zaidi si bora, kinahamishia mzigo kwenye mipira mizee. Pili, nikibonyeze kwa kidole gumba dukani: springi irudi kwa nguvu, na vali ya katikati ivutike na kujifunga. Muuzaji alinitolea cha bei nafuu. Vali yake ya katikati haikusogea kabisa. Nikakirudisha, akatabasamu, akaingia ndani na kuleta kingine.

Rejeta ilikwenda Kariobangi Light Industries, kando ya Outer Ring Road hiyo hiyo. Ni mahali pa kelele na moshi, na kwa mpishi ni mahali pa ajabu, kwa maana chakavu za aluminiamu huyeyushwa huko na kumiminwa kuwa masufuria. Hedi iliyopasuka Buruburu huenda siku moja ikanijia jikoni ikiwa sufuria ya pilau. Fundi wa rejeta aliipokea yetu kwa heshima, kwani ni ya shaba, ya kale, na ya shaba hutengenezeka. Alichoma mshono wa tangi la juu kwa gesi mpaka lehemu ikalainika, akalibandua, na mifereji ikaonekana: mingine wazi, mingine imejaa tope jekundu na chokaa. Akapitisha ufito mwembamba wa chuma mfereji baada ya mfereji. Akalehemu tangi mahali pake, akaziba midomo, akaizamisha rejeta kwenye pipa la maji na kuipulizia hewa. Hakuna povu lililopanda. Rejeta za kisasa, za aluminiamu zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa, hazikubali tiba hii. Plastiki ikipasuka shingoni, wengi hununua nyingine, au hutengenezewa tangi la chuma hapo hapo Kariobangi.

Tope lile lilitokana na maji. Maji ya mfereji ya Nairobi mengi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, nayo si mabaya kwa injini. Lakini mgao ukikaza Eastlands watu hununua ya kisima kwenye mikokoteni, na yaliyo na chumvi nyingi huacha chokaa mahali pa moto. Ya kwetu Mombasa ndiyo yasisemwe. Vijana wa Kariobangi walinionyesha pia wanachokikuta ndani ya rejeta zilizotibiwa njiani: ute wa yai, pilipili manga, unga wa dawa za kuzibia. Vitu hivyo huziba tundu, na vinaweza kukufikisha nyumbani. Ila haviwezi kutofautisha tundu na mfereji.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, nayo ndiyo iliyoeneza ulimwenguni wazo la sekta isiyo rasmi, ile ya mafundi kama hawa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1992, serikali ikatoa waraka wake wa sera kuhusu jua kali. Tangu hapo vibanda, mikopo na zana vimezungumzwa sana, na ni haki. Ujuzi wa kutazama haukupata fungu lake, kwa kuwa hauna umbo la kuhesabika. Hauwekwi kwenye gazeti kando ya gari.

Kurudishia kulichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Fundi hakubadilisha mabomba ya chini. Aliyakata na mzunguko pale yanapotokea injini, akaunganisha mdomo wa kutoka na mdomo wa kurudi kwa kipande cha mpira wa hita kilichopindwa kiwandani, na klipu mbili. Mpira ulionyooka ukiupinda kwa mkono hukunjika na kuzuia maji. Hita ya mbele ikabaki inafanya kazi, kwa ajili ya Julai ya Nairobi.

Kwenye kujaza hakukubali haraka. Magurudumu ya mbele yalipandishwa juu ya ukingo ili mdomo wa rejeta uwe ndio mahali pa juu kabisa, hita ikafunguliwa, na maji yakamiminwa kidogo kidogo huku akiminya mipira kutoa hewa. Injini ikawashwa bila kifuniko hadi thamostati ikafunguka na kiwango kikashuka, akajaza tena. Hewa ikikwama hedini, chuma hupata moto huku mshale ukionyesha usalama, kwa sababu kipimo chake husoma maji, na hapo hakuna maji. Dereva akiona mshale unashuka ghafla gari likiwa linachemka, asishukuru. Azime.

Alitaka nusu kulanti, nusu maji safi. Nikamwambia kwetu hakuna barafu. Akasema kulanti ya hapa ni ya kutu na ya kuchelewesha kuchemka, barafu ni habari za wenyewe. Ile ya zamani ilikingwa kwenye dumu na kufungwa, kwa sababu glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, na paka na watoto huivamia. Tahadhari nyingine ni chupa za bei ya kutupa barabarani: nyingi ni maji ya rangi tu.

Uthibitisho haukuwa maneno. Alipandisha presha tena kwa pampu, mshale ukasimama tukiwa tunakula chapati. Kisha nikabandika kipande cha tepu kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji, nikaagizwa niwe natazama alfajiri tu, injini ikiwa baridi, maana ukipima asubuhi leo na jioni kesho unapima joto badala ya maji. Niliendesha hadi Limuru na kurudi, na nikapita Outer Ring Road saa ya msongamano kwa makusudi. Harusi ikapita. Maji yalikuwa kwenye tepu.

Risiti aliyoniandikia ina mistari michache: kuangalia, kifuniko, mpira na klipu, kuosha rejeta, kulanti. Jumla yake haikufika hata karibu na bei ya hedi ambayo haikuwa na ugonjwa. Shangazi aliisoma kwa miwani, akaiweka mezani, na kabla ya magharibi kiwanja kizima kilikuwa kimeisoma. Wengi walikwama kwenye mstari wa kwanza. Elfu nzima, na hajafungua hata bolti?

Jirani wa nyumba ya tatu hakubisha. Juma lile lile alilipeleka gari lake Mutindwa, akarudi kwa miguu. Wenzake wakamuuliza getini fundi amembadilishia nini.

"Bado hajabadilisha kitu," akasema. "Nimeshamlipa."